Kugeuzia Donholm

Perez alianza kuendesha baiskeli akiwa na umri wa miaka hamsini na sita na uzito wa kilo mia moja na tisa. Hakuanza kwa kupenda. Muuguzi wa kliniki ya presha alimwambia atembee kila siku, Perez akamwonyesha magoti yake yalivyovimba, muuguzi akayabonyeza kwa kidole na kusema, "Basi mama, tafuta baiskeli. Ukikaa juu ya kiti magoti yanapumzika." Perez alicheka. Alicheka njia nzima mpaka Mbotela, na alipofika hakwenda kwake moja kwa moja. Aligonga mlango wa jirani ili acheke na mtu.

Jirani huyo alikuwa Ummulkheir, mamake Farid. Walikuwa wamekaa mlango kwa mlango kwa miaka ishirini na mitatu, katika zile nyumba za zamani za kaunsili ambamo ukikohoa upande huu, mtu wa upande wa pili anakupa pole. Watoto wao walikua pamoja na wakaondoka takriban mwaka ule ule. Gordon, mumewe Perez, alipostaafu kazi ya reli alirudi kwao Ugenya kulima, na Perez akabaki mjini kumalizia miaka yake ya ukarani. Tangu hapo hakula chakula cha jioni peke yake hata mara tano. Ummulkheir, mjane wa siku nyingi, alikuwa akigonga ukuta kwa mwiko, na Perez akijua sufuria imeiva.

Siku hiyo Perez alimweleza habari ya baiskeli akitarajia kicheko. Ummulkheir hakucheka. Aliacha kuchambua mchele.

"Baiskeli?"

"Ndiyo, baiskeli. Mimi huyu. Unaniona?"

"Nakuona." Akauweka ungo chini. "Mimi nilikuwa naendesha, unajua?"

Perez hakujua. Katika miaka yote ile hakuwahi kuambiwa. Ummulkheir akamsimulia jinsi alivyokuwa na miaka kumi na mmoja kule Majengo, na kaka yake ana baiskeli, na kila alasiri kaka akilala yeye anaiiba na kuzunguka nayo vichochoroni, miguu haifiki vizuri kwenye pedali. Mpaka siku alipokutana uso kwa uso na baba yake akitoka msikitini. Baba hakumpiga. Alimshusha kwa mkono mmoja mbele ya watu, akamwambia, "Usinifedheheshe," na kesho yake baiskeli haikuwapo nyumbani.

"Sikuigusa tena," alisema. "Lakini hata leo nikiona mtu anateremka na baiskeli, moyo unanienda naye."

Baada ya wiki mbili walikuwa na baiskeli mbili za mtumba, zile za kike zenye fremu ya kushuka. Kasiva, fundi wa baiskeli aliyefanya kazi chini ya mwavuli karibu na lango la soko, aliikagua ya Perez kwa muda mrefu kuliko ile nyingine. Alibadilisha spoki zote za gurudumu la nyuma.

"Mama Owuor, hii nimeiwekea spoki za kubeba mizigo," alisema kwa heshima zote, na Ummulkheir akalazimika kugeuka pembeni kwa kicheko.

Walikuwa wakitoka baada ya sala ya alfajiri, mbingu ikiwa bado ya kijivu. Ummulkheir alivaa suruali pana, dera juu yake, na leso aliyoifunga kiunoni ili pindo lisiingie kwenye cheni. Perez alivaa trakisuti ya kijani ya mwanawe Owuor, ambayo zipu yake haikufunga. Vijana wa bodaboda waliwaona siku ya kwanza wakapiga mluzi. "Niaje, mamathe! Mnaenda Mombasa ama?" Perez aliona aibu mpaka masikioni. Ummulkheir aliwajibu bila kugeuka, "Tukifika tutawaletea halua!" na tangu siku hiyo vijana wakawa wanawasalimu na kuwazuilia magari wavuke.

Njia yao ilikuwa moja. Walitoka Mbotela, wakashika njia ya kando ya Jogoo Road, wakaipita Makadara, wakaenda hadi makutano ya Donholm, na hapo wakageuza. Mara ya kwanza walipofika Donholm ilikuwa ni mwezi wa pili wa kujaribu. Perez alishuka, akaketi kwenye ukingo wa saruji na kulia, si kwa uchungu, bali kwa kuwa mwili wake ulikuwa umemfikisha mahali. Ummulkheir alimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ndogo aliyoibeba kikapuni. Walikunywa wakitazama magari yanayokata kulia kwenda Outer Ring. Farid alikaa upande ule, mtaa wa Fedha, yeye na mkewe.

"Siku moja tutakata hapa tumtokee Farid na baiskeli," Ummulkheir alisema. "Nione uso wake."

"Hajui mpaka leo?"

"Anajua natembea asubuhi."

Ikapita miezi minane. Perez alipungua kilo kumi na mbili, na presha ikashuka kiasi kwamba muuguzi alimpima mara mbili akidhani mashine ina kasoro. Lakini alichokipenda zaidi hakikuwa kwenye mizani. Alipenda kwenda sambamba na mtu mahali pasipokuwa na mtu wa tatu. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyasema wakiwa wamekaa vitini. Perez alisema anaogopa kustaafu, anaogopa kurudi Ugenya na kuwa mke wa kila siku baada ya kuwa mke wa Krismasi na Pasaka. Ummulkheir alisema alikataa posa mbili baada ya kufiwa, na moja ya hizo alijuta kuikataa. Yakisemwa, yaliachwa barabarani.

Jumapili ya pili ya Desemba kulikuwa na umande na magari yalikuwa machache. Walipofika mahali njia inaposhuka kidogo, Ummulkheir alimgeukia Perez, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto.

"Leo nakuacha," alisema.

"Mama Farid, njia ina maji."

"Nakuacha!" Akaachia breki.

Perez alimwona akishuka, dera limejaa upepo, miguu yote miwili ameinyoosha mbele, ameziacha pedali. Alimsikia akicheka. Kisha pikipiki ikatokea mbele ikija upande usio wake, Ummulkheir akapinda, gurudumu likagonga ukingo. Kishindo kilikuwa kidogo sana. Perez hata alidhani ni baiskeli tu iliyoanguka.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alipasuliwa jioni hiyo hiyo. Farid alikuja akitoka kazini, kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, bado na fulana yake ya kung'aa. Aliingia moja kwa moja kwa mama yake, wakazungumza peke yao, halafu akatoka hadi kwenye benchi alipokuwa Perez. Huyu kijana alikuwa amekulia mikononi mwake. Tangu alipojua kusema alimwita Anti Perez.

"Mama Owuor," alisema, "mama yangu ana miaka sitini. Ni kweli wewe ndiye uliyemwambia mshindane mbio?"

Mlango ulikuwa wazi. Perez aliweza kumwona Ummulkheir kitandani, ametundikiwa maji, macho wazi. Macho yao yalikutana. Kisha Ummulkheir aligeuza uso ukutani.

Perez hakuelewa mara moja. Alipoelewa kwamba maneno hayo yametoka kwa Ummulkheir, alisimama. Angeweza kusema. Alimtazama Farid, akaona hofu iliyojificha ndani ya ile hasira, akatazama tena kile kisogo kilicholala kwenye mto wa hospitali.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ni mimi."

Baada ya siku tisa Ummulkheir alipelekwa Fedha, kwa Farid. Januari Farid alikuja na gari la kubebea vitu, akahamisha kabati, kitanda, masufuria, akamsalimia Perez kwa kichwa. Februari ilipoanza, nyumba ile ilikuwa na watu wengine, mume na mke vijana wenye redio. Hawakuwa watu wabaya. Lakini jioni ya kwanza walipogonga msumari ukutani kutundika picha, Perez aliinuka kitini na kwenda mpaka mlangoni kabla ya kukumbuka.

Alipiga simu kila siku wiki ya kwanza, kisha kila Ijumaa. Ilikuwa ikiita mpaka inakatika. Mara mbili Nuha, mkewe Farid, aliipokea na kusema kwa sauti ya upole kwamba mama amelala. Baada ya hapo Perez hakupiga tena.

Baiskeli ilikaa nyuma ya kochi wiki tisa. Kule ofisini wakati huo mambo yalikuwa yamepinduka. Masjala nzima ilikuwa inaingizwa kwenye kompyuta, na Perez, aliyejua kila faili ilipo kwa kunusa tu, alitakiwa kuzipanga upya faili za miaka ishirini kwa namba ambazo hakuzielewa. Mkuu mpya wa idara, binti aitwaye Winny, mwenye umri wa mwanawe, hakuwa mkali. Alikuwa na haraka tu. Alisema, "Tafadhali mama," mwanzoni mwa kila jambo, na kila jambo lilitakiwa jana. Zamu sasa ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Perez alirudi nyumbani saa tisa alasiri kichwa kinagonga, akanunua mkate na soda njiani, akala akiwa amesimama. Kilo nne zilirudi kabla hajajua.

Gordon alimwambia kwenye simu, "Acha kazi uje nyumbani. Na hiyo baiskeli mpe mtu."

"Nitampa nani?"

"Mtu yeyote. Ilishaleta mkosi."

Huenda ni neno hilo lililomuudhi. Kesho yake, saa kumi alasiri, katikati ya jua la Februari, aliitoa baiskeli nyuma ya kochi na kuipeleka kwa Kasiva ikajazwe upepo. Kasiva alitazama nyuma ya Perez kana kwamba anamtafuta mwingine, kisha akainamia pampu bila kuuliza.

Asubuhi ilikuwa haiwezekani tena kwa sababu ya zamu, na kusema kweli hakuitaka. Kwa hiyo aliendesha kwenye joto. Lami ilikuwa inatoa mvuke wa moto unaoingia ndani ya suruali. Vumbi, moshi, jua likimchoma mgongo wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi likimpiga usoni mpaka akafumba jicho moja. Jasho lilimwingia machoni. Mapaja yalisuguana yakachubuka, akajifunza kuyapaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Siku ya kwanza aliishia Makadara. Siku ya nne alifika Donholm.

Hapo alishuka, akasimama. Magari yalikuwa yanakata kulia. Akayatazama yakipotea kuelekea Tassia na Fedha. Ilikuwa kama kilomita nne tu kutoka hapo. Alisimama mpaka pumzi ikatulia, akageuza baiskeli, akarudi.

Akafanya hivyo kila siku. Siku za kazi na siku za mapumziko, Jumapili baada ya kanisa, siku aliyoumwa jino, siku Winny alipomrudishia faili mia mbili kwa kosa la namba moja. Siku hiyo ya faili aliendesha huku akilia waziwazi, na hakuna aliyejua, kwa sababu uso wote ulikuwa umelowa jasho. Watu wa njiani walianza kumzoea. Mama mmoja muuza matikiti karibu na kituo cha Hamza, jina lake Nthoki, alimzoea kiasi cha kumpungia kisu.

Jambo ambalo Perez hakumwambia mtu ni kwamba alikuwa akizungumza. Alikuwa akienda upande wa kushoto wa njia, akiacha nafasi ya baiskeli moja upande wake wa kulia, na alikuwa anasema kwa sauti ndogo. Leo yule Winny ameniuliza kama najua kutuma barua pepe, Mama Farid, nikamwambia nilikuwa natuma teleksi mama yako hajazaliwa. Leo wale watoto wa redio wameniletea chapati, ngumu, lakini wameleta. Wakati mwingine alisema kwa hasira. Ulinigeuzia mgongo. Nimekulisha, umenilisha, na ukanigeuzia mgongo. Halafu anaona Donholm inatokea, maneno yanakatika.

Machi joto lilizidi, na Ramadhani ikawa imeingia. Kila Ramadhani kwa miaka ishirini na mitatu, muda mfupi baada ya adhana ya magharibi, sahani iliyofunikwa kwa sahani ilikuwa ikifika mlangoni kwa Perez: kaimati, mbaazi za nazi, kipande cha mkate wa sinia. Yeye Mkristo wa Siaya alikuwa amejifunza kuingoja ile adhana kama aliyefunga. Mwaka huu adhana iliita, ikaisha, akabaki ameketi akikodolea mlango macho. Aliona aibu mwenyewe. Mtu mzima kulilia kaimati. Lakini si kaimati alizokuwa akizililia.

Katikati ya mwezi huo alikaribia kuanguka. Alikuwa hajala tangu asubuhi kwa shughuli za ofisi, jua lilikuwa kali, na alipofika Hamza barabara ilianza kupanda na kushuka mbele yake. Alishuka, akashika ukuta, akajiona anateleza chini. Nthoki aliacha meza yake akaja mbio. Alimkalisha kwenye kreti, akammwagia maji kisogoni, akampa kipande cha tikiti.

"Kula. Kula polepole. Kwani, mama, ni nani anakukimbiza?"

"Hakuna."

"Kila siku na jua hili. Mtu hajisumbui hivi bure. Ni kupunguza mwili?"

Perez alitaka kusema ndiyo, presha, daktari. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Nina rafiki yangu Fedha."

"Sasa mbona unarudi kabla hujafika?" Nthoki aliuliza, kwa kuwa kila siku alimwona akienda na kumwona akirudi, na muda wa katikati haukutosha kumtembelea mtu.

Perez alikula tikiti mpaka kwenye nyeupe yake. Alirudi nyumbani akiikokota baiskeli kwa miguu, na usiku huo akaamua kwamba atakwenda siku ya Idd. Ofisi zingefungwa. Na siku ya Idd, alijiambia, milango yote inakuwa wazi, hata Farid hatanifungia.

Idd ilikuwa Jumatatu. Alivaa gauni lake la kitenge la kanisani juu ya suruali ya trakisuti, akalifunga kwa leso kiunoni kama alivyokuwa akimwona mwenzake akifanya. Alifika Donholm saa nne. Hakushuka. Alijua akishuka atageuza. Alikata kulia akifuata njia ya baiskeli ya Outer Ring, ngeni kwake kabisa, akapita mabasi yaliyoegeshwa na vibanda vya viatu. Moyo ulimpiga kwa namna ambayo muuguzi asingeipenda.

Farid alikaa ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Perez aliiacha baiskeli kwa mlinzi wa geti na kupanda ngazi, akipumzika kila kona. Kila alipopumzika aliwaza jambo moja: mwenye nyonga mbovu hawezi kuzishuka ngazi hizi. Hajashuka tangu Desemba.

Nuha alifungua mlango, amejipaka hina mikono yote miwili. Alimtazama Perez, jasho linamtiririka, kitenge kimeganda mgongoni, helmeti ya baiskeli mkononi. Sebuleni kulikuwa na wageni waliovaa vizuri, harufu ya udi na pilau.

"Idd njema," Perez alisema, akihema.

"Karibu, mama. Karibu sana." Nuha akamshika mkono kabisa asije akageuka. "Amekuulizia."

"Ameniulizia lini?"

"Kila siku. Lakini ukipiga simu alikuwa anakataa kuipokea."

Farid aliinuka kutoka kwa wageni, amevaa kanzu mpya. "Mama Owuor," alisema. Kisha akampisha.

Ummulkheir alikuwa kwenye roshani, kwenye kiti chenye mito, na fremu ya chuma ya kutembelea mbele yake. Alikuwa amekonda. Mwanamke aliyekuwa na mabega ya kubeba gunia la mchele sasa alionekana kama amevalishwa nguo za dadake. Aliiona helmeti kabla ya kumwona Perez usoni.

"Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Kutoka nyumbani?"

"Kutoka nyumbani."

Ummulkheir akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Perez aliketi kwenye stuli iliyokuwa karibu, stuli ikalia. Chini watoto walikuwa wanakimbizana na maputo ya sikukuu.

"Nilikuwa naiona simu yako ikiita," Ummulkheir alisema mwishowe. "Naishika mkononi. Naiangalia mpaka inyamaze."

"Kwa nini?"

"Ningesema nini, Mama Owuor? Ulimsikia Farid. Ulijua ni mimi niliyemwambia."

"Nilijua."

"Na ukakubali."

"Nikakubali. Ulikuwa umelala pale umevunjika, nifanye nini? Nikuvunje tena mbele ya mwanao?" Sauti ya Perez ilipanda bila yeye kutaka. "Lakini miezi mitatu na nusu, Mama Farid! Nimekaa na ukuta. Ungepokea hata ukanyamaza, nikusikie unapumua, ingenitosha."

Ummulkheir alilia sasa, bila kujificha. "Alipoingia pale hospitalini," alisema, "nilimwona baba. Uso ule ule. Mtu mzima nina wajukuu, nikaogopa kama niko Majengo. Nikasema lililokuja mdomoni. Halafu likawa limeshasemwa, na kila siku likawa zito zaidi. Nikaona bora unikasirikie ukiwa mbali."

"Sikukukasirikia ukiwa mbali. Nilikukasirikia njia nzima, nikiwa kando yako."

Ummulkheir hakuelewa maneno hayo, na Perez hakuyafafanua. Alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi.

Baadaye Ummulkheir aliita, "Farid!" kwa sauti ya zamani, ile iliyokuwa ikimtoa Farid uwanjani Mbotela akiwa na miaka minane. Farid akaja akidhani ameanguka.

"Kaa," mama alimwambia. Hakukuwa na pa kukaa, akachuchumaa. "Siku ile, aliyetaka mbio ni mimi. Huyu alinikataza. Aliniambia njia ina maji. Nilikudanganya, kwa kukuogopa kama nilivyomwogopa baba."

Farid alimtazama mama yake, kisha Perez, kisha sakafu. Wageni walikuwa wanacheka ndani kwa jambo jingine. "Na wewe kwa nini ulikubali?" alimuuliza Perez.

"Ulikuwa umeogopa, na yeye alikuwa ameumia. Mimi ndiye niliyekuwa mzima."

Farid hakuomba msamaha pale pale. Alikaa amechuchumaa muda mrefu, akisugua paji la uso. Kisha akasema, akimwelekea mama yake, "Ungeniambia unapenda baiskeli. Mimi ningefanya nini kwani? Mimi si Babu." Akainuka, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na sahani ya pilau na glasi ya sharubati baridi, akavishika mpaka Perez alipovipokea.

"Kula, Anti," alisema.

Perez aliondoka saa nane. Farid alimsindikiza ngazi zote tatu, na getini aliiinua baiskeli na kuikagua, akaminya tairi, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Daktari alisema hawezi kuendesha tena," alisema. "Hata nyonga ikipona."

"Najua."

"Na hawezi kurudi Mbotela."

"Nyumba ina watu. Najua, mwanangu."

Sauti iliwaita kutoka juu. Ummulkheir alikuwa amesimama roshani, mikono miwili kwenye fremu, Nuha nyuma yake amemshika kiuno. "Mama Owuor! Zunguka kidogo nikuone!"

Perez aliona haya. Wageni nao walikuwa wametoka kutazama. Lakini alipanda, akazunguka uwanja wa kuegeshea magari, mara ya kwanza polepole kwa kuyakwepa maputo, mara ya pili kwa kasi zaidi. "Songa!" Ummulkheir alipiga kelele kutoka juu. "Usinyate! Songa!" Watoto wakaanza kumkimbilia nyuma. Perez alikanyaga pedali mpaka mapaja yakawaka moto, na hakuthubutu kutazama juu, kwa kuwa aliijua sura atakayoiona.

Njiani kurudi hakuzungumza. Alidhani angejisikia mwepesi, na kwa kweli jambo moja lilikuwa limemtoka kifuani. Lakini nafasi ile ya kulia kwake ilikuwa bado tupu, na sasa alijua itabaki hivyo.

Joto lilivunjika Aprili, mvua ikaja, kisha baridi ya Juni. Masjala ikaisha kuingizwa kwenye kompyuta, na Winny mwenyewe akawa anapita mezani kwa Perez kuuliza faili fulani iko wapi. Perez aliendelea kuendesha kila siku, na Jumamosi alikwenda Fedha. Mizani ilishuka kidogo, ikapanda kidogo. Ummulkheir alianza kujifunza ngazi, Nuha akiwa mbele yake na Perez nyuma. Mwezi mzima walifika ghorofa ya pili tu na kurudi. Julai wakafika ya kwanza. Kwenye kila kona alipumzika na kutukana kwa Kiswahili cha Majengo ambacho Nuha hakukielewa chote.

Jumamosi ya tatu ya Agosti alifika chini. Mlinzi alimletea kiti cha plastiki, lakini hakuketi. Aliitazama baiskeli ya Perez iliyoegemezwa ukutani.

"Nishikie hii," alisema, akimpa Nuha ile fremu ya chuma.

"Mama, Farid alisema..."

"Siipandi. Nishikie."

Alishika usukani kwa mikono miwili na kuuegemea. Perez alisogea kumsaidia, Ummulkheir akatikisa kichwa. Akapiga hatua moja, gurudumu likazunguka kidogo. Akapiga nyingine. Akatembea hivyo kutoka ukutani mpaka getini, mguu mmoja ukiburuta, akiisukuma baiskeli kando yake, cheni ikitoa ule mlio wake mdogo. Getini alisimama akitazama barabara ya mtaa, watu wakipita na Jumamosi yao.

"Turudi?" Perez aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niache nayo kidogo," Ummulkheir alisema.

Perez akarudi nyuma hatua mbili, akamwacha.